Saa nane mchana, siku ya skwoti

Nilijitoa kwenye grupu la WhatsApp la chama chetu Jumanne moja, saa nane na robo mchana, kwa sababu ya zipu.

Zipu yenyewe ilikuwa ya sketi ya shule, ya bluu, marinda manane, na mwenyewe alikuwa anaitaka kesho yake. Niliishona ikakaa upande. Nikaifumua, nikaishona tena, ikakaa upande uleule. Mara ya tatu nikaona madoa mawili ya mviringo kwenye kitambaa, na ndipo nikajua ninalia. Mwanagenzi wangu alikuwa amesimama na mkasi mkononi, hajui atazame wapi. Simu ikalia. Mweka hazina ananikumbusha kwamba bado sijalipa mia tano za mwezi. Alisema kweli, tena kwa upole. Nikamjibu sentensi tatu ambazo sitazirudia hapa, nikajitoa.

Kufikia saa kumi na moja nilikuwa mzima kabisa. Nimekula chapati mbili na ndengu za mama wa kibandani, zipu imenyooka, na mimi nimeishika simu naisoma kama mtu anayesoma barua ya mlevi. Kurudishwa chamani kulinigharimu kreti moja ya soda na hotuba ndefu ya mweka hazina, mama ambaye akianza kuongea hana haraka ya kumaliza.

Huo ulikuwa mwezi wangu wa nne wa kubeba vyuma.

Mimi hushona sare za shule karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na nimekaa kwenye cherehani miaka 19. Mwaka jana mgongo ulinikatalia. Naondoka kitini nimepinda kama ndoana, nahitaji dakika nzima ya kushika ukuta kabla sijanyooka. Fizio, mtaalamu wa viungo na misuli, alinibonyezabonyeza, akaniambia mifupa haina neno, ni misuli ya mgongo na nyonga iliyolala, niitafutie kazi. Mimi nilikuwa nimetarajia dawa ya kuchua.

Nikapata jimu upande wa Kondele, nyuma ya hadiwea. Nusu ya vyuma vyake ni vya dukani, nusu ni madebe ya rangi yaliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba. Shilingi 100 kwa siku. Nakwenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua la Kisumu halijakumbuka kazi yake. Kocha ni kijana wa rika la mtoto wangu wa kwanza. Ananiita madhe, mimi namwita kocha, basi heshima inatosha pande zote mbili.

Na mgongo ulipona. Niliseme hilo mapema, asije mtu akadhani nimekuja kuviponda vyuma. Baada ya wiki sita nilikuwa nainuka kitini kama msichana.

Tatizo lilikuwa kile kitu cha mchana.

Uchovu naujua. Januari shule zikikaribia kufunguliwa nashona mpaka saa sita usiku, naamka nashona tena. Huo ni uchovu wa mwili, ukilala unaondoka. Hiki kilikuwa kingine. Kilianza kwenye saa saba hivi. Kwanza mlio wa ovaloki ulianza kuniudhi, mashine ambayo nimeizoea kuliko sauti ya mume wangu. Kisha mikono ikawa mizito, hata kutia uzi kwenye sindano nikaona ni safari. Halafu yakaja mawazo, na mawazo hayo hayakuwa na aibu: kwamba nimepoteza miaka 19 kwenye marinda ya watoto wa watu, kwamba wanangu wananipigia simu kwa sababu ya nauli tu, kwamba kila mteja anayeingia amekuja kunionea. Nilikuwa nayaamini. Jioni yanaondoka bila kuaga, nabaki nikijiuliza nani alikuwa ameazima kichwa changu.

Nilinyamaza, kwa sababu kila unachosikia kuhusu mazoezi ni kwamba yanachangamsha roho. Si uongo, hata madaktari huwashauri watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, wafanye mazoezi. Lakini ukishaambiwa kisima hiki kina maji matamu, na wewe kila ukiteka unapata tope, utadhani ndoo yako ndiyo mbovu.

Dada yangu mkubwa ndiye wa kwanza kuniona. Na hapa kwetu ziwani ukisema umenyong'onyea, hujamaliza sentensi umeshaambiwa ni malaria.

"Umepima?"

"Dada, ni huzuni tu."

"Huzuni gani inakuja Jumanne? Nenda ukapime."

Nilipima mara tatu ndani ya miezi miwili. Sikumlaumu, malaria huku si jambo la mzaha. Lakini mara zote kipimo kilitoa mstari mmoja, maana yake hakuna. Mara ya tatu muuza dawa akataka kunifungia dozi hata hivyo, "ya kuwa salama tu, mama." Nikamuuliza, kama mstari mmoja na miwili vyote vinanunua dawa ileile, kidole changu kimedungwa cha nini? Nikaondoka na pesa yangu.

Ila lile neno la dada, "huzuni gani inakuja Jumanne", lilinikaa. Alikuwa amelisema kwa kejeli, lakini ndilo lililonifungua macho. Nina daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nikaligeuza, nikaanzia nyuma, nikachora mistari yangu mwenyewe: usingizi, chakula, vyuma, saa nane. Kwenye safu ya saa nane nikawa naandika alama ya kujumlisha kama niko sawa, ya kutoa kama sina raha, na za kutoa mbili kama ni siku ya zipu.

Baada ya wiki tano ukurasa ule ulisomeka wenyewe. Alhamisi, siku ya mabega na mikono, kujumlisha karibu zote. Jumanne, siku ya skwoti na dedlifti, yaani kuchuchumaa na chuma begani na kukinyanyua kutoka sakafuni: kutoa, kutoa mbili, kutoa, kutoa mbili, kutoa mbili. Jumamosi nayo ni ya miguu, lakini alama zilikuwa za kuchanganyika, na hapo ndipo nilipokwama siku kadhaa. Skwoti ni zilezile, kocha ni yuleyule. Tofauti ni kwamba Jumamosi nikitoka jimu napitia nyumbani, nakuta uji na nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, iliyolala. Jumanne naenda moja kwa moja kufungua duka, na kifungua kinywa changu ni strungi, chai isiyo na maziwa.

Halafu nikakumbuka ugali. Mteja mmoja aliyekonda vizuri aliniambia adui wa kiuno ni ugali, basi nikauacha. Kuacha ugali Kisumu ni kama kuhama dini, lakini nilikuwa nimeamua. Kwa hiyo Jumatatu saa moja jioni nakula omena na sukuma, basi. Kinachofuata kuingia tumboni cha maana ni Jumanne saa saba mchana. Hizo ni saa 18 za strungi.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya vile vyuma. Skwoti za kilo 50, mara nane, seti tano. Dedlifti za kilo 60, mara sita, seti nne. Jumla kilo 3,440. Kwa gunia la mahindi la kilo 90, hayo ni magunia 38. Vijana wanaopakua magunia pale Kibuye nawaona kila asubuhi, na sijawahi kumwona hata mmoja akianza lori na kikombe cha strungi. Wanakaa kwanza kwenye benchi, ugali mlima, maharagwe, ndipo wanavua shati.

Nilirudi kwa fizio na daftari langu. Alicheka aliposoma "siku ya zipu", halafu akanieleza. Misuli huweka akiba ya wanga, na vyuma vizito huila akiba hiyo. Ini nalo huweka akiba ya kulisha damu sukari usiku, na alfajiri imeshapungua. Ubongo unategemea sukari hiyohiyo. Mimi nilikuwa nabomoa ghala mbili kwa mpigo, sijazi hata moja. Tena baada ya mazoezi makali mishipa hubaki imetanuka na presha hushuka kwa saa kadhaa, sasa kaa chini ya mabati mchana wa Kisumu, jasho limekutoka tangu alfajiri na hujanywa maji, uone kama kichwa kitakuchekea. Na ule msisimko wa kuinua kitu kizito nao una kushuka kwake.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, hedhi yako ikoje?"

Ni nzito, nikamwambia. Imekuwa nzito miaka mitatu. Akaniandikia nikapime damu. Hemoglobini ilitoka 10.6, na mwanamke akiwa chini ya 12 anahesabiwa ana upungufu wa damu. Ile miezi yote nilikuwa nakubaliana na kocha kwamba shida yangu ni pumzi. Daktari akanipa vidonge vya madini ya chuma, jambo ambalo kocha aliliona la kuchekesha sana, madhe anabeba chuma na anameza chuma. Daktari akaniambia pia niache kunywa chai pamoja na chakula au na vidonge, kwa sababu chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini, bora chungwa. Strungi tena! Nilikuwa nimeifanya kifungua kinywa, kumbe inaniibia hata kile kidogo nilichokula. Vidonge huchukua miezi, si siku, kujaza akiba ya damu, na vinafanya choo kiwe cheusi, nakuambia mapema usije ukashtuka kama mimi.

Kocha ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Yeye anaamini kila seti iendelee mpaka chuma kikukatae. Nilimwambia nataka kuacha nikiwa bado naweza kuinua mara mbili zaidi, na kila wiki ya nne au ya tano nibebe nusu tu.

"Madhe, unalegea?"

"Nina sare 60 za kushona. Siwezi kumaliza nguvu zangu zote kwako."

Alinyamaza, akawa anapanga madebe ukutani. Halafu akasema bila kunitazama, "Mimi Jumapili huwa sishiki simu. Nalala nimeangalia ukuta. Nilidhani ni mimi tu." Yule kijana mwenye mabega kama mlango! Anabeba siku sita kwa wiki na usiku anafanya kazi ya ulinzi. Tuliangaliana, tukarudi kwenye seti. Wiki iliyofuata nilimkuta anakula viazi vitamu.

Siku hizi Jumanne nakula ndizi mbili na maji glasi kubwa kabla ya kutoka nyumbani. Kopo la nyoyo liko kwenye begi, nalimaliza nikifika dukani kabla sijafunua cherehani. Ugali umerudi mezani, na kiuno, nimekipima kwa tepu yangu mwenyewe, hakijasogea.

Ningependa kuandika kwamba nilikula ndizi jua likachomoza. Hapana. Zile alama mbili za kutoa sijaziona tangu mwezi wa pili wa vidonge, lakini ile moja bado inakuja, hasa nikiwa nimelala vibaya au siku zangu zikiwa karibu. Saa moja, saa na nusu, halafu inapita. Sasa naijua njia yake. Haiji Alhamisi, haingoji usiku. Kuna dada mmoja tunayebeba naye ambaye yake haikuwa na saa. Asubuhi ipo, usiku ipo, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata kwaya aliyoipenda akaacha. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia orodha ya vyakula, kiherehere changu, kabla sijaelewa kwamba lake si la kopo la nyoyo. Nikamsindikiza kliniki. Ana sonona, anatibiwa, na Alhamisi anakuja tunabeba mabega.

Kwangu nimeweka sheria moja tu: Jumanne kuanzia saa saba hadi saa kumi siamui kitu. Sipangi bei, simjibu mtu, sikati kitambaa kipya. Natia vifungo na kukunja pindo, kazi ambayo mikono inaifanya peke yake. Simu inaingia kwenye droo ya bobini. Mwanagenzi ameshajua, akiona nimefunga ile droo anapunguza redio mwenyewe.

Jumanne iliyopita aliingia mama mmoja saa nane kasoro, kitambaa begani, gauni la harusi ya mdogo wake, analitaka Ijumaa, na nimpunguzie. Nilihisi maneno yanapanda kooni, yaleyale niliyomwambia mweka hazina. Mwanagenzi akaniwahi.

"Mama, fundi anaongea saa kumi. Kaa, kuna kivuli."

Akakaa.