Siku moja maishani mwangu: wakili wa mapitio ya kimahakama, Arusha

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai nakisoma tena kiapo kinzani, yaani majibu ya upande wa Serikali kwa kiapo chetu. Wateja wangu ni wafanyabiashara wa soko. Halmashauri moja iliamua kulivunja soko lao ijenge jipya, ikawanyang'anya vizimba vyao na kuwagawia watu wengine. Kiapo kinasema "walishirikishwa ipasavyo", lakini hakuna muhtasari wa kikao wala karatasi ya mahudhurio iliyoambatishwa. Naiwekea alama aya hiyo. Kesi yetu yote iko hapo.

Saa 1:15 asubuhi, ndani ya haisi ya kutoka Sakina. Mteja mmoja ananipigia: "Wakili, leo jaji atasema kama soko livunjwe au lisivunjwe?" Namjibu hapana. Katika mapitio jaji hakai kwenye kiti cha mkurugenzi wa halmashauri. Haulizi kama soko jipya ni wazo zuri. Anauliza kama mkurugenzi alikuwa na mamlaka hayo, kama aliyafuata masharti ya sheria, na kama ninyi mnaopoteza riziki mlisikilizwa kabla ya uamuzi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu si mbele ya mahakama tu, bali hata mbele ya chombo kingine chochote kinachoamua haki zake. Anakaa kimya kidogo, halafu: "Basi tutashinda. Hatukuulizwa."

Saa 3 asubuhi, Mahakama Kuu. Kibali cha kufungua maombi tulikwishapata, leo ni maombi yenyewe. Kwa wasioifahamu njia hii: kwanza unaomba kibali ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaoupinga, na ukishakipata una siku 14 za kuwasilisha maombi kamili. Kanuni za mapitio za mwaka 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya Sura ya 310, hazina huruma kwenye hesabu hizo.

Wakili wa Serikali, kijana makini ninayemheshimu, anasema wafanyabiashara walitangaziwa kwa bango. Jaji anamuuliza bango lilibandikwa lini. Anapekua jalada. Nakala iliyoambatishwa haina tarehe.

Zamu yangu ikifika naitegemea kesi ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Juni 2022 Waziri alilitangaza Pori Tengefu la Pololeti kwa Tangazo la Serikali Na. 421. Septemba 2023 Mahakama Kuu, hapa hapa Arusha, ikalibatilisha kwa sababu wanaohusika hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Agosti 2024, mahakama hiyo ikasimamisha kwa muda Tangazo Na. 673 lililokuwa linavifuta vijiji vya Ngorongoro. Nasema mbele ya jaji ninachokiamini kabisa: kama tangazo la Waziri linaweza kuanguka kwa kutowauliza watu, bango lisilo na tarehe haliwezi kusimama.

Saa 5. Uamuzi utasomwa tarehe nyingine. Nje, chini ya mti, wateja wananizunguka na inanibidi niwaambie jambo wasilopenda kulisikia. Tukishinda, halmashauri bado inaweza kuanza upya, ikaita mkutano, ikasikiliza, kisha ikaamua vilevile. Mama mmoja muuza mitumba, mkubwa kwangu kwa umri, anatikisa kichwa. "Mwanangu, wakituita tutasema. Mara ya kwanza hatukuwa na pa kusemea." Sina cha kuongeza.

Saa 7 mchana. Ofisini ananisubiri muuguzi aliyefukuzwa kazi. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" Kabla hajaketi vizuri keshamwaga bahasha nzima mezani. Mtumishi wa umma haruki moja kwa moja mahakamani. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, kinamtaka amalize kwanza njia za ndani. Yeye amezimaliza: alikata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, akashindwa, akapanda kwa Rais, ikakataliwa. Sasa ndipo mapitio yanawezekana.

Naitazama tarehe ya barua ya mwisho na moyo unanidunda. Miezi sita inakaribia kwisha. Ilikuwa wapi barua hii? Ilikaa ofisini kwa mwajiri wake wa zamani, na kila alipoulizia aliambiwa aje wiki ijayo. Hili linaniuma kuliko hoja yoyote ya kisheria. Watu wetu wana subira na adabu mbele ya ofisi za umma, na miezi ya sheria inaliwa na adabu hiyo. Muda ukipita utaomba kuongezewa, na hapo utatakiwa kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa. Nani anaweka kumbukumbu ya siku alizoambiwa "njoo kesho"?

Kwa hiyo nawaambia wote: uombe uamuzi kwa maandishi, uombe na sababu zake, barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala. Huyu mama alisaini kitabu cha kukabidhi barua siku alipoipokea. Tutakihitaji kitabu hicho.

Saa 9. Kijana mmoja anataka kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo iko hapa hapa mjini. Namwonyesha Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: miezi miwili tangu uamuzi ulipotolewa au ulipomfikia. Imekwishapita. Anaondoka bila kuaga.

Saa 10 jioni. Naandika hati ya kiapo ya muuguzi, kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaifanye kuwa lugha ya utoaji haki, mteja wangu anaisoma hati yake mwenyewe kabla ya kuiapia. Anavaa miwani, anafuata mistari kwa kidole, anasimama aya ya saba. "Hapa umeandika niliitwa kwenye kikao cha nidhamu. Sikuitwa. Dereva ndiye aliniambia kuwa kimeshafanyika." Nafuta, naandika upya. Aya hiyo moja sasa ina uzito kuliko nyingine zote, na ni yeye aliyeiokoa.

Saa 11:30. Namwita wakili wa ofisi jirani, ambaye ni Kamishna wa Viapo, amwapishe. Mimi ninayeendesha shauri haifai nimwapishe mteja wangu mwenyewe. Wanamaliza jua likizama.

Saa 2 usiku. Nyumbani, napandisha nyaraka kwenye mfumo wa Mahakama: maombi ya kibali, maelezo ya mwombaji, kiapo na viambatisho. Mwanasheria Mkuu wa Serikali nimemuunganisha kwenye shauri kama sheria inavyotaka. Mtandao unasuasua kwenye kiambatisho cha barua ya mwisho, kisha unapokea. Namba ya malipo inatoka, nalipa ada kwa simu, risiti inaingia. Namtumia muuguzi ujumbe: "Mama, tumefungua ndani ya muda. Kesho nitakwenda masjala kuuliza tumepangiwa jaji gani."