Namna nilivyojifunza kutafuta mtandaoni nikiwa nyuma ya meza ya steshenari

Nina duka dogo la steshenari mjini Morogoro, si mbali na kituo cha mabasi cha Msamvu. Bango langu la bei linataja kuchapa, kutoa kopi, kuskani na picha za pasipoti, lakini kazi ambayo watu huniletea zaidi haimo kwenye bango hilo. Mtu huingia, husalimia, huvuta kiti cha plastiki, kisha husema, "Hebu nitafutie kitu kwenye mtandao." Kwa muda mrefu niliifanya kazi hiyo vibaya bila kujua, kwa sababu nilidhani kutafuta ni kuandika lile analolisema mteja kama anavyolisema, kubonyeza, na kusoma kinachotokea juu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mfugaji wa kuku wa kienyeji, aliyefika asubuhi akiwa ameshika mtandio wake kama mtu anayetoka msibani. Alisema, "Mwanangu, niandikie kwamba kuku wangu wanakufa ghafla, wanisaidie nifanyeje." Nikaandika vilevile, neno kwa neno. Yalikuja matangazo ya watu wanaouza dawa za kuku, video ndefu ambazo zingemaliza bando langu la siku, na kurasa ambazo wafugaji wengine walikuwa wameuliza swali hilohilo bila kujibiwa na yeyote. Tulihangaika karibu nusu saa. Nilimtoza shilingi 500 kwa aibu, naye akaondoka na karatasi mbili za maelezo ambayo, nikiyakumbuka leo, yalikuwa ya kuuza dawa tu.

Siku hiyo alikuwapo dukani mzee mmoja, mkutubi mstaafu, ambaye huja kila wiki kutoa kopi za kumbukumbu za vikao vya mtaa wake. Alisubiri mama yule atoke, ndipo akaniuliza ukurasa wenye jibu la mama ungekuwa umeandikwa na nani. Nikamjibu kwamba labda na daktari wa mifugo au mtu wa chuo. "Sasa daktari wa mifugo," akasema, "angeandika 'kuku wangu wanakufa'?" Nilikaa kimya, kwa maana ni kweli kwamba daktari hana kuku katika ukurasa ule, ana ugonjwa, ana dalili, ana chanjo.

Mzee alinieleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria. Injini ya utafutaji haitoki kwenda kuzunguka mtandaoni pale unapobonyeza kitufe. Programu zake zilikwisha pita kwenye kurasa siku za nyuma, zikasoma maneno yaliyomo na kuyapanga katika faharasa, kama ile inayokuwa nyuma ya kitabu, isipokuwa hii ni kubwa kupita kiasi. Ukiandika maneno yako, inachungulia katika faharasa hiyo kuona ni kurasa zipi zinayo, kisha inazipanga kwa vigezo vingi, kimojawapo kikiwa ni viungo vingapi kutoka kurasa nyingine vinauelekea ukurasa huo, na viungo hivyo vina uzito gani. Wazo hilo la viungo ndilo ambalo Larry Page na Sergey Brin walianza nalo wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, kabla ya kuanzisha Google mwaka 1998. Siku hizi injini zinajitahidi pia kukisia maana, na kwa Kiingereza zinafanikiwa sana, lakini mzee alinisihi nisiitegemee bahati hiyo. Alichukua karatasi iliyoharibika kwenye printa, akaigeuza upande mweupe, akaniambia kwamba kabla sijagusa kibodi niandike hapo maneno ambayo mwenye jibu angeyatumia.

Mama aliporudi siku mbili baadaye, sikumwomba swali lake. Nilimwomba anieleze kuku wanaonekanaje kabla ya kufa. Akasema wanapinda shingo, wanahema kwa shida, na kinyesi chao ni cha kijani. Nikaandika: kuku dalili ugonjwa kupinda shingo kinyesi kijani. Mara hii neno "kideri" likaanza kujirudia, penginepo "mdondo", na kwingine jina la kizungu, Newcastle. Hapo ndipo nilipoona utafutaji wa kwanza si wa kupata jibu. Ni wa kuokota majina. Nikachukua majina yale na kuandika upya, kideri chanjo kuku wa kienyeji, nikakutana na chanjo inayoitwa I-2, ambayo huwekwa tone moja katika jicho la kila kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Nilikutana pia na habari ngumu, kwamba kideri hakina dawa na chanjo ni ya kumkinga kuku ambaye bado ni mzima. Mama alikuwa amebakiwa na kuku watatu. Nilimchapia ukurasa ule, nikamshauri aende nao kwa afisa mifugo wa kata, maana mtandao haumpimi kuku.

Tangu hapo nimekuwa nikitumia upande mweupe wa karatasi mbovu kila siku, na nimegundua kwamba kwa sisi tunaotafuta kwa Kiswahili karatasi hiyo ina kazi ya ziada. Neno la Kiswahili hubadilika mbele: cheti huwa vyeti, mkopo huwa mikopo, kiwavijeshi huwa viwavijeshi, na kitenzi kimoja kinaweza kuvaa viambishi hadi shina lake lisionekane. Kwa uzoefu wangu, injini huziunganisha sura hizo kwa shida kuliko inavyofanya kwa Kiingereza. Basi huandika umoja, nikaona, kisha nikaandika wingi, na mara nyingi orodha ya matokeo hubadilika kabisa. Vitenzi huviweka katika umbo la kuanza na ku- au la jina, "kuomba" au "maombi", badala ya "nitaombaje". Tena kuna tofauti kati ya lugha ya mtaani na lugha ya ofisi. Wateja wangu wote husema "cheti cha kuzaliwa", lakini ofisi inayohusika huandika pia "usajili wa vizazi na vifo", na asiyelijua hilo hupitwa na kurasa muhimu. Mambo ya mashine na simu ninayatafuta kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwa sababu ndiko yalikoandikwa. Taratibu za hapa kwetu nazitafuta kwa Kiswahili. Ya kilimo na mifugo natafuta kwa lugha zote mbili, na sioni aibu.

Alama za kuongeza kwenye maneno ya kutafuta nilijifunza moja moja, kila moja kwa shida yake. Alama za kunukuu nilizijua printa yangu ilipogoma ikionyesha 5B00 kwenye kioo chake kidogo. Nilipoandika "printa haifanyi kazi" nilipata ushauri wa kuzima na kuwasha, ambao nilikuwa nimekwisha kuufuata mara nne. Nilipofunga namba ile katika alama za kunukuu na kuongeza modeli iliyobandikwa nyuma ya printa, nikaambiwa papo hapo kwamba sifongo inayonyonya wino wa kusafishia imejaa. Fundi aliyekuwa ameniambia ninunue printa nyingine sikumrudia. Maneno yaliyofungwa hivyo hutafutwa kama yalivyo, kwa mpangilio wake, na ndiyo maana yanafaa sana kwa namba za hitilafu, kwa majina, na kwa sentensi unayotaka kujua imetoka wapi.

Kistari cha kutoa nilikihitaji siku mwalimu alipokuja kutafuta picha za tai za viranja wa shule, zile za kuvaa shingoni, skrini ikajaa ndege wenye midomo iliyopinda. Niliandika tai shule sare, kisha -ndege, kistari kikiwa kimegusana na neno bila nafasi, na ndege wale wakapungua hadi tukacheka. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hii. Anayetafuta bei ya mbuzi ya kukunia nazi ajiandae kuonyeshwa wenye pembe.

Alama ninayoiheshimu kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya kubana utafutaji ndani ya tovuti za aina moja, na niliijua baada ya kijana mmoja kutapeliwa. Alikuwa akitafuta kazi serikalini. Alibonyeza tokeo la kwanza kabisa, ambalo juu yake palikuwa na kineno kidogo cha kuonyesha kuwa ni tangazo lililolipiwa, akajaza taarifa zake zote na kulipa "ada ya fomu" kwa simu. Ukurasa ulikuwa na nembo ya taifa na rangi za bendera. Anuani yake ilikuwa na herufi go na tz ndani yake, lakini zimeunganishwa kwa vistari, na mwishoni ikaishia kwa kitu kingine kabisa. Fedha hazikurudi. Tangu siku hiyo, mteja akitaka jambo la serikali, naandika maneno yake kisha naongeza site:go.tz, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili, na matokeo yote yanabaki kuwa ya tovuti za serikali ya Tanzania. Kwa vyuo vikuu natumia ac.tz. Nikitaka fomu au mwongozo wa kuchapa moja kwa moja, naongeza filetype:pdf. Na pale ninapofungua anuani yoyote nayoitilia shaka, nasoma sehemu iliyo kabla ya mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake na kutazama inaishia na nini, kwa sababu matapeli hupamba mwanzo wa anuani wakijua kwamba ndiko tunakotazama.

Tarehe nayo ina hila zake. Wanafunzi wa mikopo ya elimu ya juu waliwahi kuletewa tangazo la mwaka uliopita, tukajaza viambatisho ambavyo havikuhitajika tena. Sasa naandika after: na mwaka, kwa mfano after:2024, au nachagua kipindi katika vifaa vya utafutaji vilivyo chini ya kisanduku. Siku hizi pia juu ya matokeo huja muhtasari ulioandikwa na akili mnemba. Mimi huusoma kama ninavyosikiliza maelezo ya konda: inawezekana anajua njia, lakini kibao cha kituo nakitazama mwenyewe, yaani nafungua ukurasa ulikotoka.

Juzi alikuja mkulima kutoka upande wa Mvomero na mmea uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni, wenye majani yaliyochanika kama ya karoti na maua madogo meupe, akisema mikono inamwasha tangu aanze kuung'oa. Jina la nyumbani alilolijua nililiandika, nikakosa kabisa. Hakuna aliyekwisha kuliandika mtandaoni. Niliupiga picha juu ya karatasi nyeupe, jani moja na ua moja vikionekana vizuri, nikatafuta kwa picha. Yakaja mapendekezo ya mimea kadhaa inayofanana, lakini mmoja ulirudi mara nyingi zaidi, Parthenium hysterophorus. Jina hilo la kisayansi nikalifunga katika alama za kunukuu na kuongeza Tanzania, likanipa jina la Kiswahili, gugu karoti, pamoja na onyo kwamba linawasha ngozi. Mkulima akakiri kwamba mbuzi wake nao wanalikwepa. Tulilinganisha picha tano na mmea uliokuwa mezani kabla ya kukubaliana.

Alilipia karatasi moja, akafika mlangoni, kisha akageuka na mfuko wake na kuuliza kama anaweza kuutupa tu pale mtaroni. Nikamwomba arudi akae. Nikachukua upande mweupe wa karatasi na kuandika: gugu karoti, kung'oa, glavu, kabla ya maua, kuchoma, mbegu.