Takwimu za mechi zilinidanganya mpaka nilipojifunza kutoa

Aliyenipotosha ni shemeji yangu. "Wewe tazama umiliki wa mpira tu," aliniambia, "mwenye mpira hafungwi." Nikamwamini. Nikatafuta daftari, nikawa naandika asilimia za kila mechi, na cheo cha mchambuzi nikajipa mwenyewe.

Ikaja Kombe la Dunia 2022, Hispania na Japani. Mapumziko Hispania wanaongoza 1-0, mpira wao, Japani wanaukimbiza tu. Nikawatumia ujumbe wote ninaowajua: "Hii imeisha." Nikaenda kuoga. Natoka, Japani 2-1! Doan dakika ya 48, Tanaka ya 51. Nikajipa moyo, nikakaa hadi filimbi ya mwisho nikitazama pasi za Hispania zikizunguka: kushoto, kulia, nyuma, kushoto tena. Japani walimaliza na umiliki usiofika asilimia 18, na pointi 3 mkononi. Mimi simu nilizima siku mbili.

Daftari nikalirudia kwa hasira. Siku hizi namba ya umiliki naifunika kwa kidole gumba. Naanza na mashuti yaliyolenga goli, halafu mangapi yalipigwa ndani ya boksi. Magoli tarajiwa, ile xG, yaani makadirio ya magoli ambayo nafasi za timu zilistahili kuzaa, nayo naisoma, ila kwanza naondoa penalti. Moja tu inabeba karibu 0.8, na timu iliyosinzia mechi nzima inaonekana eti ilishambulia.

Lakini ujanja wangu hasa, na huu sikufundishwa na mtu, ni kupiga picha takwimu wakati wa mapumziko. Mechi ikiisha nachukua za mwisho, natoa za mapumziko, nabaki na kipindi cha pili peke yake. (Mashuti na kona tu! Asilimia nilijaribu kuzitoa hivyo, nikapata timu yenye umiliki wa sifuri.) Hapo unamwona aliyetangulia kufunga akiwaachia wapinzani mpira makusudi, wahangaike nao huko mbali. Anayesoma jumla pekee atasema Brazili waliwazidi Ujerumani mwaka 2014, maana walipiga mashuti 18 kwa 14. Ilikuwa 7-1, na hadi dakika ya 29 walishafungwa 5.

Shemeji bado ananitumia asilimia za umiliki kila wikiendi. Namrudishia picha mbili na hesabu yangu ya kutoa. Anasoma, kimya.