Mpaka unaopita katikati ya maji

Leo nimeshinda nikichora ramani ya maziwa na mabwawa ya jimbo la Texas, kwa data zinazotolewa bure na Shirika la Jiolojia la Marekani.

Karibu maziwa yote makubwa ya jimbo hilo ni mabwawa yaliyotokana na kujenga kuta za kuzuia mito, na umbo lake lenyewe huonyesha hivyo: upande wa ukuta umenyooka, ilhali upande wa pili umetawanyika kama vidole kwenye mabonde ya zamani.

Nilipokata data kwa kufuata mpaka wa jimbo, bwawa la Toledo Bend lilibaki kipande, kwa kuwa sehemu yake nyingine iko katika jimbo jirani la Louisiana.

Kilichonishika ni ule mstari wa mpaka. Unapindapinda katikati ya maji, kona baada ya kona, ukifuata mkondo wa mto Sabine uliozamishwa bwawa hilo lilipojengwa miaka ya 1960. Nimeukuza na kuutazama kupita mahitaji ya kazi yenyewe!

Nimelirudisha bwawa zima, na mpaka nimeuchora juu yake kwa nukta nyembamba.

Wenzangu wa ramani, ninyi mngelikata au mngeliacha zima?