Kihisi cha bomba kilichonyamaza kila kikifunikwa

Kihisi cha presha kwenye bomba kuu la maji la mtaa wetu hapa Embakasi kilikuwa kinapotea hewani, yaani kinaacha kutuma ripoti kwenye simu yangu. Bomba likapasuka usiku na simu yangu haikulia. Asubuhi mifereji mikavu, watu wanabeba mitungi. Iliniuma sana.

Nilibadilisha betri, nikabadilisha laini, nikapakia programu upya. Kila nikishuka kwenye chemba, yaani shimo lenye mfuniko kilimo kihisi, kupima, data inafika sawasawa. Nikiondoka, kimya.

Mlinzi ndiye aliyeniambia: "Fundi, hii kitu hunyamaza ukishafunika." Nikashika simu, nikamwomba asukume mfuniko polepole. Netiweki ilikuwa -89 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri, netiweki ni nzuri zaidi). Mfuniko ulipokaa, ikaanguka hadi -113. Ni chuma kizito, na antena ilikuwa chini yake kabisa. Chuma huzuia mawimbi ya redio.

Nikavuta waya wa antena wa mita 3 ndani ya paipu ya plastiki hadi juu ya ukuta, kiungio nikakizungushia tepu ya mpira kwa ajili ya mvua. Safari hii nilifunika chemba kwanza, ndipo nikapima: -91. Leo siku ya 19, hakuna ripoti hata moja iliyopotea.