Siku ya mgao, Busia, Desemba 2018

Washika funguo watatu walitoka mkekani mmoja mmoja, kila mmoja akafungua kufuli lake, akarudi kukaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa kiongozi. Sanduku lenyewe lilikuwa likilala kwa mwanachama mwingine kabisa asiye na ufunguo wowote. Ndivyo vikundi vya akiba vinavyojilinda: mwenye sanduku hana ufunguo, mwenye ufunguo hana sanduku. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaenea Afrika, na hapa Busia upande wa Uganda umekuwa ndiyo benki ya wauza mukene (dagaa), wauza nyanya, watu wa mitumba na wa boda. Mwaka ule nilikuwa katibu, kwa hiyo kila tarakimu ya siku hiyo ya kugawana akiba na faida za mwaka ilipita chini ya kalamu yangu.

Tulikuwa 24. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na kila wiki mtu alinunua kuanzia hisa moja hadi tano, asizidi hapo. Kila hisa muhuri mmoja kwenye kitabu chake. Pembeni ulikuwepo mfuko wa jamii, shilingi 500 kwa wiki, wa misiba na magonjwa. Mkopo haukuzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, ulirudishwa ndani ya miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Narudia: kwa mwezi. Benki za mjini wakati huo zilikopesha kwa karibu asilimia 20 kwa mwaka, ila benki inataka hati ya ardhi, na mwenye hati ya ardhi haji kukaa mkekani kwetu.

Kikomo cha hisa tano kina sababu yake. Bila kikomo, mwenye hela hujaza sanduku peke yake, faida yote ikamfuata, na wenzake wakabaki kuwa wakopaji wake. Kikomo hakifanyi watu wawe sawa, kinazuia tu pengo lisipanuke kupita kiasi. Aliyenunua hisa tano katika mikutano yote 50 alikuwa na 500,000 za akiba, na aliyenunua moja moja alikuwa na 100,000. Wa moja moja wengi ni wale wale ambao Februari, Mei na Septemba ada ya shule huwafagilia mfuko hadi pindo.

Kuhusu sanduku, mtu ataniuliza kwa nini hatukuweka hela kwenye simu. Tulilijadili. Lakini Julai 1 mwaka ule ilikuwa imeanza kodi ya asilimia 1 kwenye pesa ya simu. Baada ya kelele nyingi ikashushwa hadi asilimia 0.5 ya kutoa hela tu, nayo hiyo, ukichanganya na ada ya kampuni, kwa mamilioni yetu ilikuwa hasara ya kuonekana. Uhamisho wa benki haukuguswa na kodi hiyo. Tukaendelea na sanduku la bati na wasiwasi wake wa usiku.

Mgao una utaratibu, na ukirukwa hatua moja watu wanagombana hadi Krismasi. Kwanza madeni yote yalipwe, na aliyeshindwa akatwe kwenye hisa zake. Ndiyo maana mikopo mipya hufungwa miezi mitatu kabla. Pili, kila kitabu kihesabiwe na watu wawili, mihuri ichorwe mstari mwekundu ili isije ikatumika mwaka unaofuata. Tatu, hela ihesabiwe mezani mbele ya wote, noti za 50,000 peke yake, za 20,000 peke yake, kushuka hadi sarafu. Nne, jumla igawanywe kwa idadi ya hisa, na kila anayelipwa ahesabu zake kabla hajainuka. Akishainuka, malalamiko yake hayasikilizwi.

Hisa zilikuwa 3,600. Hela mezani, yaani akiba, riba na faini, zilikuwa 9,367,500. Ukigawa unapata 2,602 na chenji. Huwa tunashusha hadi 2,600, maana ukilazimisha zile mbili utatafuta sarafu ambazo hakuna aliye nazo. Zilizobaki 7,500 zikaingia mfuko wa jamii. Kila hisa, kwa hiyo, ilizaa 600.

Kuna kasoro moja ambayo wengi hawaioni: hisa iliyonunuliwa wiki ya kwanza ya Desemba nayo ilizaa 600, sawasawa na ya Januari, ingawa ilikaa sandukuni wiki mbili tu na haikukopeshwa kwa mtu. Wenye hela za sikukuu walikuwa wakilijua hilo. Wiki za mwisho walikuja na tano tano, wengine wakiwa bado na moja.

Nikaanza kuita namba za wanachama. Mama wa mukene alikuwa na hisa 62, yaani akiba ya 124,000. Akapokea 161,200, akazihesabu mara mbili, akapiga vigelegele. Faida yake ilikuwa 37,200. Lakini daftari la mikopo nilikuwa nalo mapajani. Mwisho wa Julai, mihuri yake ikiwa 30, alikopa 180,000 akachukua mzigo Majanji, ufukoni mwa Ziwa Victoria. Mukene huanikwa juani, na mvua ikiunyeshea kabla haujakauka hubadilika rangi, ukanuka, na mnunuzi pekee anayebaki ni mtu wa chakula cha kuku, ambaye bei anaipanga yeye. Mvua ya Agosti ilimkuta mzigo uko chini. Alilipa riba ya 18,000 kila mwezi, na mwezi wa tatu akarudisha na shina la mkopo, zile 180,000. Riba yote ilikuwa 54,000. Toa faida ya 37,200, na mwaka mzima wa kuweka akiba ulimgharimu 16,800. Kwa haki niseme pia kwamba bila mkopo ule asingekuwa na biashara yoyote.

Kisha zikafuata namba tatu zenye hisa 250 kila moja. Ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye duka la jumla karibu na stendi, ya pili ya wifi yake, ya tatu ya binti anayemuuzia dukani. Kila kitabu 650,000. Binti alihesabu zake haraka, akasaini, akakaa. Mkono wake ukateleza chini ya khanga ya bosi wake, ukarudi mtupu.

Mzee wa boda ya baiskeli ndiye aliyeuona. "Mwenyekiti, muulize huyo binti hisa zake ngapi." Kwetu kila mtu hutakiwa kuijua jumla yake kwa kichwa, ndiyo kinga ya wasiosoma. Binti akamtazama bosi. Hakujua.

Kelele zilipotulia, mama wa duka hakukana. Akasimama, akakaza kilemba. "Nimevunja kifungu gani? Katiba inasema mwanachama asizidi hisa tano. Haisemi hela atoe wapi. Na hizo hela mnazokopa mwaka mzima, mnadhani zinatoka kwa nani?"

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyouma. Vitabu vile vitatu vilikuwa na hisa 750, zaidi ya moja ya tano ya sanduku. Havikuwahi kuchukua mkopo hata mmoja. Faida yake ilikuwa 450,000, na sehemu kubwa ya hizo ilitoka kwenye riba za watu wa aina ya mama wa mukene. Mimi naona kikomo cha hisa ndicho tulichokuwa tukikilinda kwa macho yote, huku mlango wenyewe ukiwa riba. Kwa asilimia 10 kwa mwezi, hata kila mtu akiwa na kitabu kimoja, hela hutoka kwa anayelazimika kukopa, ikaenda kwa asiyelazimika.

Tulipiga kura kwa mikono. Hela hazikurudishwa, maana katiba ilikuwa kimya kweli. Kanuni ya kwanza mpya ikapita bila ubishi: nyumba moja kitabu kimoja, na mfanyakazi asikae kikundi kimoja na mwajiri wake. Ya pili, ya kushusha riba hadi asilimia 5, nilidhani itapita kwa sababu wakopaji walikuwa wengi kuliko wasiokopa. Ikaanguka. Mama wa mukene mwenyewe alinyoosha mkono kuikataa. Nilimuuliza tukirudi, nikiwa nimebeba sanduku tupu.

"Mwanangu, riba ikishuka hawa wenye hela watapeleka hela yao kwingine. Sisi tutakopa nini, mihuri?"

Mfuko wa jamii tuligawana mwisho, na ndio pekee uliogawanywa kwa vichwa na si kwa hisa. Zilikuwa 240,000 baada ya misiba, elfu kumi kumi kila mtu, mama wa duka naye akachukua zake. Zile 7,500 zikabaki za kuanzia.

Mzunguko mpya ulianza Januari bila mama wa duka. Riba tuliiacha vile vile, akaondoka hata hivyo, akiwa na wifi na binti. Sanduku likawa linajaa polepole. Mwisho wa Julai 2019 mama wa mukene aliomba 180,000 kama mwaka uliopita. Akiba yake ilimruhusu, lakini mezani zilikuwepo 112,000. Tukampa zote. Zilizopungua, 68,000, alizipata siku hiyo hiyo kwenye duka la jumla karibu na stendi, kwa asilimia 20 kwa mwezi, akaacha kitambulisho chake cha taifa kwenye droo.