Nilitaka kuiuza ile printa

Juzi Alhamisi nimefuta tangazo. Nilikuwa nimeiposti printa yetu kwenye magrupu mawili ya WhatsApp ya huku Kirumba, Mwanza, picha tatu, ya mbele, ya ubavuni na moja kifuniko kikiwa wazi, nikaandika inauzwa bei maelewano, na watu watatu walishaniulizia pembeni akiwemo mama mmoja wa Pasiansi aliyekuwa tayari kuja kuichukua siku hiyohiyo. Nimewaomba radhi wote. Naandika hapa maana mume wangu aliniuliza imekuwaje tena na jibu nililompa lilikuwa fupi sana, nilimwambia tu "baba anakuja na karatasi yake", na hilo ni kweli ila sio lote.

Printa yenyewe tuliinunua Aprili 2020. Mnakumbuka ule mwaka, Machi 17 shule zikafungwa, watoto wakarudi nyumbani na hakuna aliyejua ni mpaka lini, walimu wakawa wanatuma mitihani kwenye grupu la wazazi, PDF juu ya PDF, na mi nilikuwa na wawili, mmoja darasa la nne na mwingine la saba, wote wana mtihani wa taifa mwaka uleule, na simu ya maana ndani ya nyumba ni moja. Tukajibana tukachukua hii ya wino yenye skana juu. Kwa miezi miwili na kitu ile mashine ilifanya kazi kuliko jiko. Juni 29 shule zikafunguliwa, watoto wakaondoka na mabegi yao, printa ikafunikwa kitambaa.

Na kukaa vile ndo kulikoiumiza. Fundi mmoja pale mjini alinielewesha vizuri, wino wake sehemu kubwa ni maji, unatokea kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele, sasa ukiiacha wiki kadhaa yale maji yanakauka rangi inabaki imeganda mlemle, na kila ukiiwasha mashine inajisafisha kwa kumwaga wino mwingine, kwa hiyo unajikuta unanunua wino ambao hata karatasi haijauona. Akaniambia mtu anayechapa mara mojamoja achukue ya leza, ile inatumia tona ambayo ni unga mkavu, umeme tuli unaupanga unga kwenye umbo la herufi halafu joto linauyeyushia kwenye karatasi, hakuna cha kukauka hapo. Ni kanuni ileile ya mashine za kutolea kopi, ya yule Mmarekani Chester Carlson aliyekuwa akifanya kazi ya mambo ya hataza kule New York akachoshwa na kunakili nyaraka kila siku, kopi yake ya kwanza aliipata Oktoba 22, 1938. Mtu alitaka tu kopi ziwe karibu naye. Namwelewa kabisa.

Basi hesabu yangu ya kuuza ilikuwa hivi. Kopi hapa mtaani ni sh 100, kuprinti sh 500, steshenari ipo ukishuka tu mawe haya kabla hujafika barabarani, na mi kwa mwaka nachapa kurasa hamsini hata hazifiki. Ada nalipa kwa kontrol namba, umeme nanunua kwenye simu, tiketi ya basi inakuja kwa meseji. Rimu moja ina karatasi 500 na uzito wa kilo mbili na nusu, ile niliyoinunua mwaka juzi bado ipo nusu na pembeni imeanza kuwa ya njano. Sasa mashine inakaa kabatini ya nini?

Ila karatasi haijaondoka Mwanza jamani, tusidanganyane. Kaka yangu anapeleka dagaa kutoka Mwaloni, lori likitoka hapa usiku linaenda mbali, na dereva wake hakubali kuondoka bila kibali kiko mkononi, kimechapwa, mhuri unasomeka, kwa sababu akisimamishwa saa 8 usiku barabarani simu inaweza kuwa imezima chaji au hakuna mtandao na mkaguzi hatasubiri faili lifunguke huku magari yamepanga foleni nyuma. Karatasi haihitaji bando wala chaji, unaikunjua unamuonyesha unaondoka. Kwa hilo simlaumu yeyote.

Ninacholaumu ni kile kinachowapata hawa watoto wa mikopo ya chuo. Mwaka jana mtoto wa kaka alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya maombi ya mkopo, anaingia kwenye mfumo anajaza kila kitu vizuri kabisa, jina, shule, namba ya NIDA ya mdhamini, cheti chake cha kuzaliwa RITA, wale wa vizazi na vifo, wameshakihakiki mtandaoni, halafu mfumo unamtengenezea fomu na ile fomu inabidi aiprinti, aende nayo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa asaini na kugonga mhuri, aende kwa wakili au kamishna wa viapo naye asaini na kugonga, mdhamini asaini, kisha aiskani airudishe kulekule mtandaoni alikoitoa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tunayo tangu 2015 na inatambua saini ya kielektroniki. Miaka yote hiyo. Sasa fikiria mtoto wa Ukerewe ambaye kijijini kwao hakuna printa wala skana, nauli ya kuvuka ziwa, hela ya kuprinti, hela ya wakili, hela ya kuskani, na mzazi wake anavua au analima, na mkopo wenyewe anauomba kwa sababu hana hela. Inaniuma hii. Mi ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu ningeanza na hapo.

Na printa yetu siku hiyo ikagoma, imeganda, ndo tukashuka na huyo mtoto mpaka steshenari, na kilichonifanya nifute tangazo nilikiona siku hiyo, ila sikukitilia maanani mpaka wiki hii.

Ilikuwa saa 5 asubuhi, foleni ya watu kama wanne, binti wa pale ana haraka, ukutani wamebandika namba ya WhatsApp na kila mteja anatuma faili lake humo, lenyewe linaonekana kwenye kompyuta. Akaniambia, "Dada njoo huku unionyeshe ni lipi la kwako maana yameingia mengi." Nikazunguka meza. Akafungua folda ya mafaili yaliyopakuliwa, akawa anashusha na mausi taratibu tunatafuta la kijana. Yalikuwa mamia. Vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma, CV, mikataba ya kupanga, barua za kuacha kazi, picha za pasipoti za watoto, risiti za benki. Katikati nikaona la kwangu mwenyewe, mkataba wangu wa kazi niliouprinti pale miezi mitatu nyuma, jina langu lote na mshahara wangu ukurasa wa pili, umekaa tu humo na mtu yeyote anayezunguka ile meza anaweza kuufungua. Na mistari miwili chini yake nikaona majibu ya vipimo vya hospitali, faili limeandikwa jina la mtu, na jina nalijua. Mtu wa mtaani kwetu kabisa. Sikulifungua na sitaandika hapa ni nani wala ni kipimo gani, ila niligeuza macho nikaangalia ukutani kama mtu aliyekosea mlango akakuta mwenzie anaoga.

Nikamwambia yule binti kwa upole, mdogo wangu hivi vitu vya watu mnavifuta saa ngapi? Akasema huwa wanafuta mashine ikijaa. Hakuwa na ubaya wowote, alinijibu vizuri tu huku anaendelea na kazi, nikamuomba afute la kwangu akafuta palepale, nikamuonyesha na la yule jirani akafuta. Nikamwambia na kwenye WhatsApp yenyewe bado yapo, akaniangalia kama nimempa kazi ya wiki nzima, ila akaanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023, na mi naamini ni sheria nzuri, lakini pale kwenye meza ile hakuna aliyewahi kumfundisha yule binti kwamba anachokishika kutwa nzima ndo taarifa binafsi zenyewe. Na wenye steshenari wasikasirike, siandiki kuwaharibia, wanatusaidia sana, bila wao watoto wetu wasingeenda chuo. Mi naomba kitu kimoja tu, mteja akishalipa, faili lifutwe huku anaangalia.

Kuna na jambo la risiti, nalisema haraka. Tulinunua friji la kuhifadhia samaki, waranti mwaka mmoja, likaharibika mwezi wa tisa, naenda kutoa risiti kwenye droo nakuta karatasi nyeupe. Zile risiti za mashine za EFD hazina wino, karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na ukiiweka pajuani au ukiiacha tu muda mrefu maandishi yanapotea. Ile namba ya kuhakiki risiti kwenye tovuti ya TRA nayo ilikuwa imefutika hapohapo, na duka likakataa. Tangu siku hiyo nikinunua kitu cha waranti naitolea kopi jioni ileile kabla sijapika, na fundi alishazibua vile vitundu, sasa kila Jumapili nachapa ukurasa mmoja wa rangi ili visizibe tena. Hiyo peke yake isingenizuia kuuza lakini. Kopi ya risiti hata steshenari wanatoa.

Kilichonizuia ni simu ya baba siku ya Alhamisi.

Baba yuko kijijini, wilaya ya Sengerema. Wanapimiwa mashamba, kila mmoja apate hati ya hakimiliki ya kimila, na ofisi ya kijiji imewaambia aliyenunua alete kopi ya mauziano. Shamba lile alilinunua 1988. Mauziano yake ni karatasi moja ya daftari la kaunta, imechanwa upande wa kushoto, mwandiko wa mwenyekiti wa wakati ule, kalamu ya bluu, mipaka imetajwa kwa mti na jiwe na shamba la fulani, na chini kuna madole gumba matano kwa sababu watano hawakujua kuandika. Wanne wameshafariki. Anaitunza ndani ya sanduku la bati kwa ajili ya mchwa, na ndani ya sanduku imo kwenye rambo, rambo la kweli la zamani, mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019 ila lile hakuna wa kumwambia atupe.

Nikamwambia baba mpe kijana apige picha kwa simu anitumie, au aende nayo senta wamtolee kopi. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mayu, hii hailali kwa watu." Mayu kwa Kisukuma ni mama, ndo anavyoniita. Nikaelewa hapohapo, na ile folda ya steshenari ikanijia yote kichwani, jina la jirani, mshahara wangu ukurasa wa pili. Nikamwambia njoo nayo baba. Nikakata simu nikafuta tangazo.

Amekuja leo asubuhi. Siku hizi kuvuka ni dakika chache, daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilometa 3 juu ya maji, zamani ungesubiri kivuko mpaka jua linakuchoma. Nimempokea stendi ya Nyegezi, shikamoo baba, marahaba mayu, mkono mmoja ananisalimia na mwingine upo ndani ya koti na haukutoka mpaka tunafika nyumbani. Chai alikataa kwanza. "Tumalize hili."

Nikaitoa printa kabatini nikaiweka mezani, nikaiwasha, ikaunguruma ule muungurumo wake wa kujisafisha, baba akasogeza kiti karibu mpaka magoti yakagusa meza. Akafungua rambo mwenyewe. Ile karatasi imekunjwa mara nne na kwenye mikunjo imekuwa laini kama kitambaa, nikaogopa kuishika, akailaza yeye mwenyewe juu ya kioo, akanyoosha kona moja kwa kucha. Nikafunika taratibu. Mwanga ukapita chini ya kifuniko, akaufuata kwa macho kutoka huku mpaka huku. Nilichagua kopi ya rangi ili madole yatoke vizuri, na yakatoka, hata mistari ya vidole inaonekana. Baba akaishika ile kopi akapitisha kidole chake juu ya dole la tatu, la mdogo wake, akakaa hivyo muda mrefu na mi sikusema kitu.

Nikatoa ya pili. Akairudisha ya asili kwenye rambo, rambo kwenye koti, kopi mbili nikamtilia kwenye bahasha. Akazihesabu. Halafu akaiangalia mashine akaniuliza, "Na ile iliyobaki humo ndani?"

Nikamwambia hii yetu haibakizi kitu baba. Nikamfunulia kifuniko. Akainama akachungulia kioo, akakipangusa kwa mkono wa koti, akaangalia tena, ndo akasema sasa niletee chai.